Natafuta wakili wa hapahapa Tanga wa kunisimamia nikinunua nyumba. Nimpimeje?

Cherehani Nne

Assalam alaykum, na habari za jioni kwenu nyote.

Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko barabara ya 8 Ngamiani, na ninapanga Msambweni mwaka wa 14 huu. Nimepata nyumba Makorora. Ni nyumba yetu ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu mkono wa kulia, vitatu mkono wa kushoto, uwani kisima na mwembe. Bati la upande mmoja limechoka, ukuta wa jikoni una ufa. Lakini ina baraza pana inayotazama njia, na siku ya kwanza tu nilipokaa pale niliziona cherehani zangu nne zimepangwa mstari mmoja, nami silipi tena kodi ya fremu.

Bei walianza na milioni 50, tumeteremka hadi 42. Fedha ipo. Ni ya sare za shule, mashela ya harusi na kikoba cha miaka 11, kwa hiyo mnielewe nikiuliza sana.

Anayeuza ni kaka mkubwa katika watoto sita. Nyumba ilikuwa ya baba yao, marehemu. Amenionyesha fotokopi ya hati miliki yenye jina la baba, na karatasi ya Mahakama ya Mwanzo inayomtaja yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Dalali anasema wakili yupo, wa kwao, "wewe unakuja kusaini tu mama, gharama yake imo ndani ya bei." Shemeji yangu aliye Dar naye ananihimiza nimtumie wakili wake wa hukohuko: nipige picha nyaraka, nitume kwa WhatsApp, laki mbili, yamekwisha.

Sasa niwaambie kinachonikosesha usingizi. Mwaka 2016 mdogo wangu wa kiume alinunua kiwanja upande wa Pongwe. Mkataba uliandikwa mbele ya mtu aliyevaa suti, mwenye meza na feni, na ukapigwa muhuri wa duara wa buluu. Miezi minane baadaye akatokea mwenye kiwanja. Tukamtafuta yule "wakili", tukaambiwa wakili mwenye jina lile ni mtu mzima ambaye sisi hatujapata kumwona hata siku moja. Tulipouangalia tena ule muhuri kwa utulivu, jina lenyewe lilikuwa limeandikwa na herufi moja pungufu. Herufi moja. Tuliusoma mara ngapi na hatukuiona! Milioni saba na nusu zilikwenda, na miaka minne ya kupanda na kushuka Baraza la Ardhi na Nyumba. Ile karatasi ninayo mimi, nimeiweka kwenye droo ya nyuzi, na kila nikivuta uzi mweupe naiona.

Kwa hiyo sitaki mnitajie majina ya mawakili hapa. Nataka kujua namna ya kumpima mtu. Nikiingia ofisini kwake siku ya kwanza nimuulize nini? Na je, wa Tanga ana faida gani hasa kuliko wa Dar, au ni mimi tu napenda mtu ninayeweza kumgongea mlango?

---

Kaka wa Kange

Dada hongera kwa hatua hiyo. Usijipe presha. Mimi 2019 nilinunua Kange, wakili alikuwa wa muuzaji, nikasaini, nikalipa, mpaka leo nakaa na watoto wangu. Ukianza kutafuta wakili wa pili unaongeza gharama na muuzaji anaona humwamini, anauza kwa mwingine. Na siku hizi tangu lije hili bomba la mafuta la kutoka Uganda hadi Chongoleani nyumba za Tanga hazilali sokoni. Fanya haraka.

---

Mzee wa Raskazone

Mwanangu, wa alaykum salaam. Pole kwa yaliyomkuta mdogo wako.

Nimefanya kazi masjala ya ardhi mpaka nikastaafu, na majalada niliyoyafungua kwa mikono hii siwezi kuyahesabu. Kaka wa Kange simpingi kwamba alisalimika. Nasema tu kwamba wale ambao hawakusalimika nao walisaini hivyohivyo, kwa furaha, na soda mezani.

Umeuliza faida ya wakili wa hapa. Faida ni kwamba jalada la nyumba ile liko hapa. Tangu mwaka 2020 Wizara ilipofungua ofisi za ardhi katika kila mkoa, kazi nyingi zilizokuwa zikitupeleka mbali zinamalizikia mkoani, kwa Kamishna Msaidizi na kwa Msajili wa Hati. Wakili wa Tanga anaamka asubuhi anakwenda mwenyewe, au anamtuma karani wake anayejulikana pale dirishani. Karatasi ikikwama Jumanne, Jumatano anajua imekwama kwa nani. Wakili wa Dar aweza kuwa hodari kuliko wote, lakini kwa laki mbili hapandi basi kuja kuiona nyumba ya Makorora. Atasoma picha ulizomtumia. Na picha inaonyesha kile tu mpigaji alichotaka kuonyesha.

Siku ya kwanza muulize hivi: "Anayeniuzia ni nani kisheria?" Kisha nyamaza, msikilize. Akikimbilia kukuuliza bei na tarehe ya kusaini, aga uondoke. Akivuta karatasi akaanza kuandika jina la marehemu, jina la msimamizi, namba ya shauri la mirathi, mahakama gani, mwaka gani, kaa.

Maana hati yako hiyo bado ina jina la aliyekufa. Maiti hauzi nyumba. Msimamizi wa mirathi anatakiwa kwanza apeleke nyaraka zake kwa Msajili, jina lake liingizwe kwenye daftari kwa nafasi yake ya usimamizi. Hilo limo katika Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Baada ya hapo ndipo anakuhamishia wewe. Wengi hurukia hatua ya pili, wakalipa fedha yote, na uhamisho ukakataliwa dirishani huku ndugu wameshagawana.

Jambo jingine, wakili asiandike mkataba kabla ya upekuzi. Upekuzi ni ombi rasmi unalipia serikalini kwa namba ya malipo, unaletewa majibu kwa maandishi: nani mmiliki aliyesajiliwa, kuna rehani ya benki au hakuna, kuna zuio la mtu au hakuna. Hati yaweza kuwa ya kweli kabisa, karatasi ya kweli, lakiri ya kweli, na nyumba ikawa imewekwa rehani. Nimeona hayo si mara moja.

Na aione nyumba kwa macho yake. Atafute bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, azungumze na jirani wa kulia na wa kushoto, apite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Muhuri wa mtaa hauhamishi umiliki, watu wanachanganya sana hapo, lakini mwenyekiti anajua nani aligombana na nani kwenye matanga.

---

Mtumishi wa Sheria

Mimi ni wakili. Sitataja jina wala ofisi, maadili ya kazi yetu hayaturuhusu kujinadi, na hata hapa nisingependa. Hicho nacho ni kipimo: anayekufuata sokoni au anayeletwa na dalali kama sehemu ya kifurushi, jiulize ametokea wapi.

Kuhusu vishoka kama yule wa mdogo wako. Kila wakili ana namba yake ya uandikishwaji na lazima ahuishe leseni yake kila mwaka. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni, unaandika jina unaona kama mtu huyo ni wakili na kama anaruhusiwa kufanya kazi sasa hivi. Kuna waliokuwa mawakili kweli lakini wamesimamishwa au hawakuhuisha. Chukua jina kutoka kwenye mfumo, herufi kwa herufi, kisha ulinganishe na muhuri, na ulinganishe na kitambulisho cha mtu aliyeketi mbele yako. Wakili wa kweli hakasiriki ukimwomba kitambulisho. Mimi wakiniomba nafurahi, najua mteja huyu atasoma na mkataba.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inataka nyaraka ya aina hiyo iwe na jina na anwani ya aliyeiandaa. Angalia mwisho wa mkataba, pawe na maneno "Umeandaliwa na", na jina. Pakiwa patupu, Msajili anaweza kuikataa.

Kuhusu wakili wa muuzaji kukusimamia na wewe: bibie, usikubali. Simaanishi kwamba wote ni wabaya. Nazungumzia siku ambayo upekuzi utatoka na kasoro. Wakili wa muuzaji akiiona kasoro hiyo, siri ni ya nani? Analindwa nani? Mtu mmoja hawezi kuvuta kamba pande zote mbili, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani. Muulize yeyote utakayemwendea: "Kuna mtu mwingine unamwakilisha katika nyumba hii, au umewahi kuwafanyia kazi hawa?"

Ada muelewane kwa maandishi kabla, iseme inahusu nini: upekuzi, mkataba, ridhaa, uhamisho mpaka hati itoke na jina lako, au mkataba peke yake. Watu wengi hulipia mkataba wakidhani wamelipia safari nzima. Dai risiti ya EFD. Na kama fedha ya nyumba itapitia kwake, iwe kwenye akaunti ya wateja, ambayo ni tofauti na akaunti ya ofisi yake.

---

Mama Nasra wa Duga

Da' Cherehani, mimi nilinunua Duga miaka mitatu iliyopita, nami nilizunguka kwa mawakili watatu kabla ya kumpata wangu. Watatu wote niliwapa fotokopi zilezile, nikawauliza swali lilelile: "Ungekuwa wewe ndiye unayetoa fedha hii, ungeogopa nini hapa?"

Wa kwanza akasema hakuna tatizo, hakufungua hata ukurasa wa pili. Wa pili alikuwa na simu mbili zinaita. Wa tatu alisoma kimya kama dakika kumi, mpaka nikaona aibu ya kukaa pale, kisha akaniuliza, "Huyu mzee ana wake wangapi?" Nikasema sijui. Akasema nenda kajue. Kumbe wawili, na mmoja anaishi katika nyumba ileile ninayoinunua! Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, na yule bi mkubwa alikuwa hajaambiwa lolote. Tulikwenda kwake, tukazungumza kwa heshima, akapewa muda wake wa kuhama, akasaini mwenyewe akiwa ameelewa. Leo tukikutana Mabawa tunaamkiana.

Yule wa tatu ndiye niliyemchukua, na alikuwa ghali kuliko wenzake kwa laki nne.

Hesabu na kodi, dada. Kuna ushuru wa stempu, ukiukadiria ni kama asilimia 1 ya thamani, huo kwa desturi hubebwa na mnunuzi. Kuna kodi ya faida ya mauzo, TRA wanaidai kwa muuzaji, asilimia 10 ya faida akiwa mkazi. Na kuna ripoti ya mthamini, ambayo lazima iidhinishwe na serikali. Mkataba usipotaja nani analipa nini, muuzaji akishashika fedha anakuambia "hayo yako." Yangu yaliandikwa moja moja. Na sikulipa fedha zote kwa mkupuo: sehemu kidogo siku ya mkataba, kubwa baada ya idhini ya uhamisho kutoka, na kiasi nikabakiza mpaka nishike hati na funguo. Zote benki kwa benki.

Ah, na Luku. Kodi ya majengo inakatwa kwenye Luku tangu 2021, angalia mita ina deni la nani.

---

Cherehani Nne

Jamani Mungu awalipe. Mzee wa Raskazone, shikamoo baba, nimeyachapisha maneno yako nimeyabandika ukutani juu ya pasi.

Kaka wa Kange, nashukuru nawe, nakuelewa. Ila mimi nimeshakuwa upande ule wa pili, nimeshaona mdogo wangu akikaa kitandani siku tatu hali chakula. Nyumba ikienda, iende.

Nina swali moja. Karatasi ya mahakama inamtaja kaka mkubwa kuwa msimamizi. Je, hao watano wengine nina haja nao? Dalali anasema msimamizi akisaini imetosha.

---

Mtumishi wa Sheria

Msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kusaini, hapo dalali hajakosea. Lakini warithi wasioshirikishwa ndio wanaokwenda mahakamani kupinga, na wewe ndiye utakayeketi baraza hiyo huku kesi ikiendelea. Wakili makini atataka muhtasari wa kikao cha familia wenye saini zao, na atapiga simu mwenyewe kuhakikisha. Mmoja akiwa hajafikia umri, mambo yanabadilika kabisa, mwambie wakili mapema.

---

Cherehani Nne

Nimerudi baada ya wiki tano. Niliahidi kwa nafsi yangu kwamba nitaeleza, maana kuna wengine watasoma.

Nilikwenda kwa mawakili wawili, wote niliwaangalia kwanza kwenye e-Wakili, mwanangu alinisaidia. Wa kwanza alikuwa mpole, ofisi nzuri, lakini nilipomuuliza kama anawafahamu wauzaji alisema "dalali huyo huniletea kazi." Alisema kweli, nami namheshimu kwa hilo. Nikaaga.

Wa pili ni mwanamke, umri wa kwangu, ofisi yake juu ghorofani, ngazi nyembamba. Hakuna feni, dirisha linatosha. Nikampa fotokopi ya hati. Akaiangalia mbele, akaiangalia nyuma, akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaweka kidole pale chini na kusema, "Hapa karatasi imekatwa. Mstari wa mwisho haupo."

Mimi ni fundi, kazi yangu ni kuona kitambaa kilipokatwa. Nilikuwa nimeishika fotokopi ile zaidi ya mwezi na sikuona.

Akamwambia kaka mkubwa alete hati yenyewe. Ilichukua siku tisa. Ilipokuja, ule mstari ulikuwa na muda wa milki: miaka 33, kuanzia tarehe 1 Julai 1994. Nikahesabu kwa vidole. Inaisha mwezi wa sita 2027. Nilikuwa natoa milioni 42 kununua muda uliobaki kidogo kuliko dhamana ya cherehani mpya. Wakili akanituliza, akasema milki huombewa kuhuishwa, si mwisho wa dunia, lakini aliyepaswa kushughulika ni muuzaji, kabla, na gharama iwe yake. Upekuzi nao ukatoka: hakuna rehani, hakuna zuio, jina la marehemu liko vilevile kama Mzee alivyosema, na kodi ya pango la ardhi haijalipwa miaka sita.

Kuhusu warithi, alipiga simu zote tano mbele yangu. Wanne walijua. Wa tano ni binti aliyeolewa Mombasa, alikuwa hajui kwamba nyumba ya baba yake inauzwa. Akanyamaza kwenye simu, tukamsikia anavuta pumzi, kisha akauliza, "Na kisima cha mama?" Wakili hakumharakisha. Alimweleza polepole, akamwambia hakuna atakayesaini mpaka yeye ameridhika, akampa namba yake. Siku nne baadaye dada yule alipiga mwenyewe. Amekubali, ila fungu lake liingie moja kwa moja kwenye akaunti yake, lisipitie kwa mtu. Hilo limeandikwa kwenye rasimu ya mkataba. Na mimi nimeahidi kwa mdomo wangu kwamba kisima sitakifukia.

Ada yake ni laki tisa, mpaka hati itoke na jina langu, imeandikwa. Nimelipa laki tatu na risiti ninayo. Kwa muuzaji sijatoa hata shilingi. Dalali amepiga mara mbili kusema yupo mteja mwingine kutoka Dar mwenye fedha mkononi. Nikamwambia amkaribishe. Kaka mkubwa mwenyewe alikuja dukani juzi, akakaa, akasema wameamua kusubiri, kwa sababu na wao hawakujua habari ya ile tarehe, na yeyote atakayenunua angekutana nayo. Jumatatu anapeleka nyaraka za usimamizi kwa Msajili, wakili anakwenda naye.

Mdogo wangu aliposikia haya alinifuata, akaniomba ile karatasi ya Pongwe. Tukaipeleka pamoja. Wakili ameusoma ule muhuri, akauliza kesi iliishia hatua gani na hukumu iko wapi, akatoa nakala, akairudisha. Amesema tumpe wiki mbili aone jalada. Sijairudisha kwenye droo ya nyuzi, iko kwa mdogo wangu sasa.